Maiti Aliyefungwa Mkanda

Maiti alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, mkanda umefungwa, chupa tupu ya sumu ya panya mapajani. Gari lilikuwa kwenye ua wa ofisi yake, breki ya mkono imevutwa.

"Kajiua, Afande," alisema koplo. "Juzi tu serikali imempiga marufuku kuuza ile mikataba yake ya Kinga ya Gari. Kaona aibu."

Inspekta, mama mtu mzima asiyeamini upesi, aliinama dirishani. Daktari wa polisi alipandisha shati la marehemu.

"Damu imetuama mgongoni. Alikufa, akalala chali muda mrefu, ndipo akaketishwa hapa. Na kisogo kimepasuka."

"Eti koplo," aliuliza Inspekta, "mtu anayekunywa sumu anafunga mkanda ili asiumie?"

Koplo alicheka, kisha akautazama tena ule mkanda.

Kwenye ofisi ya usimamizi wa bima, afisa wa malalamiko alijitetea kabla hajaulizwa.

"Ile haikuwa bima, Afande. Mkataba wa matengenezo: injini, gia, basi. Sheria haikuturuhusu kumgusa mpaka ilipobadilishwa mwezi huu."

"Nani alilalamika kuliko wote?"

"Mwalimu mmoja wa udereva. Alikuwa haishi kuja hapa. Tukamwambia hatuna la kufanya." Aliinamisha macho. "Binti yake alikuwa mahututi."

Mwalimu alikuwa mtu mpole, shati limepigwa pasi vizuri. Inspekta aliomba waongee ndani ya gari lake la kufundishia. Akakaa kwenye usukani, mkanda akauacha makusudi. Huku akijibu habari za leseni, mwalimu alinyoosha mkono, akauvuta mkanda, akamfunga, kisha akahakikisha breki ya mkono imevutwa. Wala hakujua amefanya nini.

"Na yeye ulimfunga hivi hivi," alisema Inspekta.

Mkono ulibaki palepale kwenye breki.

"Aliniapia kwamba ni bima kubwa, inayolipia mpaka majeruhi," mwalimu alisema hatimaye. "Nilikuwa namfundisha binti yangu, amekaa hapo ulipokaa. Lori likatugonga, likakimbia. Hospitali wakataka malipo ya upasuaji. Nikamwendea yule bwana. Akaniambia, 'Mwanao si gia.'"

"Binti akafariki?"

"Akisubiri. Sheria ilipobadilika nikarudi kwake, nikamwambia sasa utalipa. Akacheka, akasema sheria mpya hairudi nyuma kwa aliyekwisha kufa. Nikamsukuma, kisogo kikagonga sefu. Nikakaa naye sakafuni mpaka giza likaingia. Sumu ilikuwa ya panya wa ofisini mwake, nikaimwaga, nikambeba mpaka garini, nikamwekea chupa." Alivuta pumzi. "Sikukusudia. Ila sijutii, Afande, na hilo ndilo linaloniogopesha."

Walimwingiza kwenye kiti cha nyuma cha gari la polisi. Koplo aliwasha injini. Mikono yenye pingu ilikuwa ikipapasa ubavuni, ikitafuta kitu, haifiki.

Inspekta alishuka, akazunguka, akamfunga mkanda. Roho ilimuuma, na alikuwa na hasira ambayo haikuwa juu ya mtu huyu.

"Twende," alimwambia koplo. "Taratibu."