Idhini ya Msimamizi

Visa vya aina hii kwa kawaida humpata rafiki wa jirani wa mtu fulani. Hiki kilimpata shemeji yangu, Jumamosi mchana kweupe, nami nikiwepo kumshikia bisibisi.

Shemeji ni karani wa masjala, mtu ambaye hata nyumbani huishi kwa taratibu za ofisi. Kwenye stoo chini ya ngazi aliweka seva: kompyuta kuukuu yenye diski kubwa, ya kutunzia picha, video na sauti za familia nzima. Na kwa kuwa aliamini anayeomba hapaswi kuwa ndiye anayeidhinisha, usimamizi wa seva alimpa mkewe, dada yangu. Akitaka kufuta hata picha moja, ombi lilikwenda kwenye simu ya dada. Jibu lilitoka jikoni kwa sauti: "Imekataliwa. Umependeza humo."

Dada alifariki mwaka jana. Neno la siri aliondoka nalo.

Aliacha hadithi alizorekodi akiwa hospitalini kwa ajili ya binti yao, Kidoti. Mtoto alikuwa halali bila kuzisikiliza kwenye simu ya marehemu, iliyokuwa bado inazivuta kutoka kwenye seva kwa akaunti ya mwenyewe. Lakini programu ya seva ilikuwa imezeeka na msimamizi wa kuigusa hayupo. Shemeji akaamua kuweka programu nyingine.

"Baba, usizipoteze sauti za mama," Kidoti alisema, akapanda chumbani na simu ya mama yake.

"Nimenakili kila kitu, mwanangu."

Na kweli alikuwa amenakili, kwenye diski ya akiba. Tukafuta diski za seva, tukaweka programu mpya, safari hii yeye akiwa msimamizi pekee.

"Nimepanda cheo bila hata usaili," alitania.

Tukaanza kurudisha mafaili. Picha zikarudi. Video zikarudi. Folda ya dada ikarudi tupu.

Akaifungua tena. Tupu.

Nilielewa kabla yake. Alinakili kwa akaunti yake, na akaunti yake haikuwa na ruhusa ya kuingia kwenye folda ya mkewe. Mashine ikairuka folda ile kimyakimya, kama karani mtiifu.

Shemeji akakaa sakafuni.

"Nitamwambia nini?" alinong'ona.

Vumbi likanikaba, nikakohoa. "Usimwambie leo."

Ndipo diski zilipoanza kukwaruza. Taa ikapepesa. Kuna kitu kilikuwa kinaandikwa. Nikachomoa waya wa mtandao.

Diski hazikusimama.

Ziliponyamaza zenyewe, folda ya dada ilikuwa na faili moja.

Huko juu, Kidoti akacheka.

Tulimkuta kitandani, simu sikioni. Waya nilikuwa bado nimeushika mkononi.

"Mjomba, mama ana hadithi mpya," alisema. "Na nyinyi mmo."

Nikaichukua simu. Ukimya wa chumba kidogo. Kisha nong'ono: "Nitamwambia nini?" Mtu akakohoa. Mimi. "Usimwambie leo." Kisha, karibu kabisa na sikio langu, dada yangu akavuta pumzi, kama alivyozoea kabla ya kuanza hadithi.

Shemeji alirudi stoo mbio, nami nyuma yake. Akabonyeza kufuta faili lile.

*Ombi limepelekwa kwa msimamizi.*

"Msimamizi ni mimi," alisema polepole.

Hatukutazamana. Wote wawili tulikuwa tumegeukia jikoni. Mlango ulikuwa nusu wazi. Hakukuwa na mtu.

Maandishi kwenye skrini yakabadilika.

*Imekataliwa. Mtoto anasikiliza.*

Seva tuliizima siku hiyohiyo. Simu niliondoka nayo, nikaizima, nikaifungia kwenye droo nyumbani kwangu. Nilitarajia Kidoti alie. Hakulia. Shemeji anasema siku hizi analala vizuri kuliko zamani, wala haulizi simu iko wapi.

Jana niliifungua droo, nikaiwasha. Kuna faili jipya. Halina neno hata moja. Ni pumzi za mtoto aliyelala, zimerekodiwa kwa karibu sana, na mara mojamoja, sauti ya shuka likivutwa taratibu kumfunika mabega.