Kisiwa cha Daniella

Asubuhi moja Mirindi alikuta kina cha maji kimepungua kwenye ramani yake. Mbele ya gati alikuwa ameandika nne, yaani mita nne, kwa wino mweusi na mwandiko wake ule wa kujivunia. Sasa palisomeka tatu. Hapakuwa na alama ya kufutwa. Alijitukana kidogo, akasingizia uchovu, akaikwangua ile tatu kwa wembe na kurudisha nne. Karatasi ilikuwa na unyevunyevu, ingawa bati la nyumba halikuvuja.

Mtu mwoga angeichana siku ileile. Mirindi hakuwa mwoga, na hilo ndilo lililomponza.

Katika miaka ile ya vita, boti nyingi zilikuwa zimezama ziwani Kivu, zimejaa wakimbizi na magodoro yao. Shule ndogo ya manahodha pale Himbi, mtaa wa Goma ulio kando ya ziwa, ikampa Mirindi kazi ya kuwafundisha vijana kusoma ramani. Kwa mtihani hakutaka kuwapa ziwa lenyewe, maana wangejibu kwa mazoea bila hata kuitazama karatasi. Kwa hiyo akabuni kisiwa. Akakipa ghuba tulivu, miamba pande zote, na mlango mmoja tu wa kuingilia na kutokea, pale kwenye pembe ya chini ya karatasi. Mlimani akachora mawe mawili yaliyopakwa chokaa: nahodha akiyaona yamesimama moja juu ya jingine, ajue yuko kwenye njia salama. Kisiwa kilihitaji jina. Akaandika Kisiwa cha Daniella.

Daniella alikuwa binti yake wa pekee. Mapigano yalipofika Kibati, karibu na mji, mkewe, Nabintu, alimchukua mtoto wakakimbilia kwa bibi yake, Bukavu, upande wa pili wa ziwa. Sasa bunduki zilikuwa zimenyamaza, na wiki ile walikuwa wanarudi kwa boti. Mirindi alikuwa amefua mashuka, amenunua sambaza, samaki wadogo wa kukaanga, na alikuwa akiongea na sufuria kama mtu aliyepungukiwa akili. Hakika alimpenda yule mtoto kupita kiasi.

Nahodha wa boti ile alikuwa Aubin, mwanafunzi wake bora. Baada ya mtihani wenzake walitoka, yeye akabaki ameinamia ramani.

"Papa Mirindi, hii kisiwa iko wapi?"

"Iko ndani ya kichwa yangu."

Aubin hakucheka. "Ile mawe mbili nyeupe, miye nilishaziona. Ndani ya ukungu, kabla ya kufika kisiwa ya Idjwi. Nikasema ni macho tu."

"Ni macho," alisema Mirindi, akaikunja ramani haraka kuliko ilivyohitajika.

Tangu siku hiyo nyumba ikaanza kunuka mayai viza na tope, harufu ya ziwa linapochafuka. Mshumaa ukiwekwa mezani uliwaka. Ukiwekwa sakafuni ulizimika palepale. Watu wa Goma wanaijua mazuku, hewa mbaya inayolala mabondeni na kumuua mtu usingizini bila jeraha. Lakini mazuku hukaa mashimoni, haipandi ngazi, haisogezi kiti, na wala haisimami nyuma ya mtu mchana kweupe ikavuta pumzi ndefu ya maji puani mwake, polepole, huku yule mtu ameshika kalamu na hathubutu kugeuka, kwa sababu ameona pembeni mwa jicho kwamba maji yanatiririka mezani kutoka kwenye ghuba aliyoichora kwa mkono wake, na kwamba ile nne aliyoirudisha imekuwa mbili.

Alikimbia kumwita Mama Domitille, jirani yake, mjane aliyeongoza maombi katika shirika lao la kanisani. Mama yule alisimama mlangoni na rozari yake, akasikiliza habari ya ramani, akakataa kuingia.

"Kisiwa yenye haiko," alinong'ona, "ukaipatia jina ya mutoto muzima?"

"Ilikuwa ya egzame ya wanafunzi tu, Mama."

"Ku hii ziwa kuko kitu, Papa Mirindi. Ilikulaka batu miaka yote ya vita, na haikukuwa na pahali ya kubaweka. Weye umeijengea nyumba. Tena umeiambia mutoto wako anaitwa nani." Akaonyesha uani kwa rozari yake. "Ichome. Ichome sasa hivi, kabla ya ile kitu kupata mulango."

Mirindi aliwasha makaa kwenye jiko la mbabula uani, akaitandaza ramani juu yake. Pembe ya chini ilikuwa imeshika moto simu ilipolia. Nabintu.

"Allo, Papa Daniella? Usiogope. Tulipata upepo mubaya na ukungu, lakini Aubin ametuingiza pahali pa muzuri sana. Maji imetulia kabisa. Anasema ni kisiwa yako."

Mirindi alipiga yowe. Aliivuta ramani kwa mikono mitupu, akaukanyagakanyaga moto mpaka ukafa. Mama Domitille alikuwa akimpigia kelele aiache iungue. Hakusikia. Kisiwa kilikuwa kizima, na gati, na ghuba, na yale mawe mawili. Pembe ya chini tu ndiyo iliyokuwa majivu, ile yenye mlango. Kwenye simu Nabintu alikuwa anauliza mbona miamba imefungana, kisha sauti ikakatika.

Wavuvi waliiokota boti ikiwa tupu. Miili ikaja ufukweni mmoja mmoja: Aubin, abiria wengine, na Nabintu, ambaye hakuwa na jeraha lolote. Daniella hakuonekana. Mirindi alimzika mkewe, akarudi nyumbani na simu ya Nabintu iliyotolewa mfukoni mwa gauni lake, akaiweka dirishani ikiwa imefunguliwa nyuma, bila betri, inadondosha maji. Uchungu ulikuwa umemkausha hata machozi.

Ikalia simu yake mwenyewe. Kwenye kioo palionekana jina la Nabintu.

"Papa," ilisema sauti ya Daniella. "Nimekosa njia ya kutoka."

Mama Domitille alikuwa amekaa naye kwenye mkeka wa msiba. Alisikia yote, akamshika mkono. "Huyu si mutoto, Papa Mirindi. Mutoto alishaenda. Ile kitu inatafuta mutu wa kuifungulia tu."

"Najua," alisema Mirindi.

"Sasa unafanya nini?"

Alikuwa ameshafungua kopo la gundi. Alibandika karatasi mpya, pana, mahali pa ile pembe iliyoungua, akachovya kalamu, na mkono wake ukatulia kama siku za kazi. Akachora mlango. Mama Domitille alitoka akikimbia, akisali kwa sauti, na kiatu chake kimoja kikabaki kizingitini. Mirindi akaendelea, akachora njia ya boti kutoka mlangoni mwa kisiwa, akaipitisha mbali na miamba, akaandika kina kila mahali kwa uangalifu ili mtoto asikwame, akaivusha ziwa lote mpaka ufuko wa Himbi, kisha akaipandisha barabarani, penye vumbi na mawe ya volkano, ambapo hakuna boti iliyowahi kupita, akaandika kina hata pale, mpaka kalamu ikagusa geti la nyumba yake.

Harufu ya tope ikajaa chumbani. Huko ufukweni mbwa walianza kulia, wakanyamaza wote pamoja.

"Njia nimeiona, Papa," ilisema sauti. "Tunakuja."

Mirindi aliisogeza simu karibu na mdomo. "Weye na mama?"

"Hapana. Sisi bote benye ziwa ilikulaka."

Barabarani palisikika miguu yenye maji, mingi mno, ikipanda taratibu kutoka ziwani. Mirindi alisikiliza. Alijaribu kutambua, katikati ya miguu ile yote, hatua fupi za mtoto mmoja. Alidhani amezisikia.

Akachukua ufunguo, akaenda kufungua geti.