Supu ya Miguu ya Kuku

Walikutana wameshika sahani moja.

Ilikuwa jioni, saa ambayo wauza mboga wa soko la mtaa wa Sham Shui Po huuza kwa fungu ili warudi makwao, na chini ya taa nyekundu ya kibanda cha mwisho ilikuwa imebaki sahani moja ya plastiki yenye matembele. Lok-man aliishika upande wa kulia. Mwanamke mwenye blauzi ya kijani, iliyomkaa kana kwamba ilishonewa mwilini mwake, aliishika upande wa kushoto na hakuonyesha dalili ya kuachia.

"Nimeanza mimi," alisema mwanamke.

"Tumeanza pamoja."

"Wewe umeshika mabua. Majani yako huku kwangu."

Muuza mboga, ambaye tayari alikuwa anakunja turubai, aliwatazama wote wawili. "Mrembo, kaka, achianeni au oaneni. Mimi nafunga."

Lok-man alicheka. Mwanamke hakucheka. Alimpima kuanzia buti zake zenye vumbi la saruji mpaka mfuko uliokuwa unaning'inia mkononi, ambamo pakiti za tambi zilionekana waziwazi.

"Utayapikaje?"

"Nitayatosa kwenye tambi."

"Na nini kingine?"

"Nyama ya kopo."

"Kila siku hivyo?"

"Siku nyingine bila matembele."

Aliichukua ile sahani mkononi mwake kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu. "Nitakupa nusu," alisema, "lakini kwanza twende nikuonyeshe."

Ndivyo alivyomjua Kit-ying, fundi cherehani mwenye kibanda chini ya ngazi za jengo la zamani, mahali palipotosha cherehani, kigoda na kioo cha kupimia nguo. Lok-man mwenyewe alikuwa fundi wa viyoyozi, akiishi peke yake katika chumba ambacho ukikaa kitandani unafikia jiko. Wote wawili walipata ile pesa ambayo kodi ya nyumba huila kwanza. Lakini Kit-ying alikula vizuri, na hilo ndilo alilojivunia kuliko ushonaji wake. Alijua saa ya kwenda sokoni na saa ya kutokwenda. Alinunua kilicho msimuni, na katika nyama alinunua zile sehemu ambazo watu huzipita bila kuzitazama. Mayai, tofu, mumunye, mboga za majani; kwake hakuna kilichotupwa.

"Mkahawani wanakula watu wasio na sufuria," alikuwa akimwambia Lok-man, jina akimfupishia. "Wewe sufuria unayo, A-Man. Huna mtu tu wa kukusimamia."

"Sasa ninaye?"

"Tutaona kama unasimamika."

Na alichemsha supu. Aliiweka motoni asubuhi kabla hajafungua kibanda, akairudia kila alipopata nafasi, mpaka mifupa ikaachia vyote ilivyokuwa navyo. Supu yenyewe aliimimina katika chupa ya chai ya rangi ya bluu, ikaenda kwa Lok-man. Kilichobaki chini ya sufuria, nyama iliyopauka na kunde zilizopondeka, alikila yeye kwa sosi ya soya.

"Mbona hunywi?" Lok-man alimuuliza mara ya kwanza.

"Napenda makapi. Supu ina kazi, na wewe ndiye unayepanda ngazi."

Usiku ule alimpigia simu kumshukuru. "Tangu mama afariki," alisema, "hakuna mtu aliyewahi kunichemshia supu." Upande wa pili Kit-ying alipenga kamasi na kumwambia alale, mjinga yeye. Lok-man alilala akitabasamu. Hakujua kwamba sentensi ile ingemfunga mdomo baadaye.

Joto lilipoingia, kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilivimba na kuwa chekundu, hata shuka ilipokigusa alishtuka. Alikwenda zahanati ya serikali. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alimwambia ni jongo, ugonjwa wa viungo. Aache bia, aache maini na figo, apunguze dagaa na vitu vya baharini vyenye gamba gumu, kama kaa na kamba. "Na supu," aliongeza, kama anayeomba radhi. "Hizi supu zetu za kuchemsha muda mrefu. Yale yanayokuumiza yote yanaingia kwenye maji."

Lok-man alitoka nje akiwa amekusudia kumwambia. Simu ikaita.

"Wamesemaje?" Nyuma ya sauti ya Kit-ying cherehani ilikuwa inanguruma.

Alifungua mdomo. Akilini aliiona ile sufuria, aliyaona makapi. "Nimeteguka tu," alisema. "Kwenye ngazi."

"Pole, mpenzi. Basi najua la kufanya."

Alichojua ni kile ambacho kila mwanamke wa mtaa ule alikijua kutoka kwa mama yake, kwamba mguu hutibiwa kwa mguu. Alinunua miguu ya kuku, ambayo ni rahisi na yenye nguvu, akaichemsha na kunde na karanga mpaka maji yakawa meupe kama maziwa. Chupa ya bluu ikaja imejaa.

Siku za kwanza Lok-man aliimwaga kwenye sinki la chumba chake, akifungua bomba lote ili asiisikie inavyokwenda. Hakuweza kuendelea. Akaanza kuipeleka kazini kwa Dada Lan, karani wa duka lao la viyoyozi, mwanamke wa makamo ambaye chakula chake cha mchana kilikuwa biskuti. Jioni alirudisha chupa imeoshwa.

"Ilikuwaje?"

"Tamu."

"Umemaliza?"

"Hakikubaki kitu."

Jumapili, hata hivyo, hapakuwa na Dada Lan. Jumapili alikaa mezani kwa Kit-ying, naye Kit-ying alikaa mbele yake na kidevu mkononi, akimtazama. Lok-man alikunywa bakuli la kwanza, akaongezewa la pili. Jumatatu alikwenda kazini na ndara, akapanda ngazi kwa kuruka na mguu mmoja.

"Mguu wako mkaidi," Kit-ying alisema kwenye simu. "Nitaongeza miguu. Kuku wote wa Sham Shui Po watatembea kwa magoti kwa ajili yako."

Alicheka kwa sababu ilibidi acheke. Kadiri mguu ulivyochelewa kupona, supu ilizidi kuwa nzito, na kadiri ilivyozidi kuwa nzito, ndivyo ukweli ulivyozidi kuwa mgumu kusemwa. Kila siku alijiambia kwamba angesema kesho yake, akishapata maneno yasiyoumiza. Hayakupatikana.

Alhamisi moja alirudi dukani kuchukua simu aliyoiacha ikichajiwa. Kutoka mlangoni aliiona sikioni mwa Dada Lan.

"Ndiyo, ni ya kwake, ameisahau hapa. Ametoka kufunga mashine." Dada Lan alisikiliza, uso ukamng'aa. "Ala, kumbe wewe ndiye dada wa supu. Una mkono mtamu, mwanangu. Ile ya miguu ya kuku nainywa kila siku, mpaka ngozi imenilainika, mume wangu ananiuliza najipaka nini." Alicheka, akasikiliza tena. "Nani, yeye? Hanywi hata tone. Ananipa mimi yote. Haloo? Haloo, mwanangu?"

Aligeuka na kumwona Lok-man na drili yake mkononi. "Imekatika," alisema. "Ana sauti nzuri. Mbona umekuwa hivyo?"

Lok-man alipiga, simu haikupokelewa. Alipiga tena. Mara ya tatu ilipokelewa, akasikia cherehani ikienda kwa kasi, halafu ikakatwa.

Alimkuta Kit-ying kibandani, amevaa gauni jeusi, nywele amezifunga kwa kamba ya kupimia, pini zimejipanga midomoni. Mteja mmoja alikuwa anasubiri suruali. Kit-ying alimwambia arudi baadaye, na mteja, alipowatazama usoni, hakubisha.

"Ana ngozi nzuri, nasikia."

"A-Ying, Dada Lan ana wajukuu."

"Sijauliza ana nini. Kama una mwanamke, sema, nitalia, yataisha. Lakini kumlisha kwa sufuria yangu, hilo ndilo sielewi."

Lok-man aliegemea ukuta ili apumzishe mguu. Akasema. Alisema jina la ugonjwa, alisema daktari alivyomwambia, alisema na siku aliyoambiwa. Kit-ying alizitoa pini midomoni moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye kifuko chake.

"Supu za kuchemsha muda mrefu."

"Ndiyo."

"Na miguu ya kuku."

"Siyo hiyo peke yake."

"Nimekuuliza miguu ya kuku."

"Ndiyo."

"Jumapili ulikunywa mabakuli mawili. Mbele yangu."

"Ndiyo."

"Na Jumatatu?"

"Nilivaa ndara."

Alitikisa kichwa polepole, kama anayepima kitambaa kwa macho. "Nami nikaongeza miguu."

"Nilijua utaumia," Lok-man alisema. "Unaamka nayo asubuhi. Mwenyewe unakula makapi. Ningekuambiaje kwamba..."

"Usinifanye mimi ndiyo sababu." Hakupandisha sauti. "Ungeimwaga yote, ningekasirika, yakaisha. Ungempa huyo bibi yote, sawa. Lakini ulikaa mezani pangu ukaniacha nikuumize kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa nakutazama unavyokunywa, A-Man, na nilikuwa na furaha. Hiyo furaha sasa niipeleke wapi?"

Lok-man aliinamisha uso.

"Nenda," alisema Kit-ying, akaiingiza suruali chini ya sindano. "Na usipande ngazi."

Mguu ulianza kupona. Lok-man alikula kama alivyofundishwa, matembele na kitunguu saumu, wali, tofu kidogo, maji mengi, kwa sababu kurudia pakiti za tambi kungekuwa usaliti wa pili. Alikula bila hamu, akimaliza kila alichopika. Uvimbe ulishuka, buti ikaingia, na kila hatua isiyouma ilikuwa kama inamsuta. Aliandika ujumbe wa kuomba radhi akaufuta. Akaandika mwingine, akauona umejaa habari zake yeye, akaufuta nao. Mchana kazini Dada Lan alimwekea biskuti mbili mezani bila kumuuliza lolote.

Kisha jioni moja simu iliita, na nyuma yake akasikia kelele za soko.

"Niko kwenye mayai," ilisema sauti. "Yanaruhusiwa?"

Alikaa chini kitandani. "Yanaruhusiwa."

"Mumunye?"

"Ndiyo."

"Uyoga?"

"Kidogo."

"Ngisi mkavu?"

"Hapana."

"Vizuri. Fungua mlango wa chini, kufuli lenu bovu."

Alipanda ngazi na mifuko miwili, amevaa gauni la pamba la kijivu alilolishona mwenyewe, lenye mifuko mikubwa, shingo imelowa kwa joto. Hakumsalimia. Alivunja mayai, akayapiga na maji ya uvuguvugu, akaondoa povu kwa kijiko, akafunika bakuli na kulipika kwa mvuke. Matembele aliyageuza kwenye kikaango mara mbili tatu tu. Lok-man alisimama pembeni, maana chumba hakikuruhusu zaidi, akatazama mikono ile iliyojaa alama za sindano, na akajisikia mdogo.

Bakuli lilipoletwa, mayai yalikuwa yametulia laini, bila tundu hata moja. Kit-ying alikaa mbele yake. Hakuchukua kijiko.

"Kula."

Alionja. Hapakuwa na kitu. Yalikuwa mayai na maji tu, hayana hata punje ya chumvi. Alinyanyua macho, akamwona jasho limemkauka kwenye paji la uso, mifuko imeacha michirizi myekundu kwenye vidole vyake. Amekuja mwenyewe, licha ya yote aliyomfanyia. Neno lilikuwa tayari limefika ulimini, limezoea njia. Alifikiri angalau hilo anadaiwa, neno moja jema.

Akameza.

"Hayana chumvi," alisema.

"Imepungua kidogo?"

"Hayana kabisa. A-Ying, hayana ladha yoyote."

Kit-ying alishusha pumzi ambayo inaonekana alikuwa ameibana tangu chini ya ngazi. "Sikutia," alisema. "Ungeniambia tamu, ningechukua mfuko wangu nikaondoka, na usingeniona tena."

Alitoa chupa ya sosi ya soya mfukoni mwa gauni, akamwagia juu ya mayai, akachukua kijiko cha pili na kula kutoka bakuli lile lile. Walikula mpaka nusu ya bakuli.

"Bado nina hasira."

"Najua."

"Na wewe acha kuniangalia kama mtu aliyemkanyaga paka. Inanikatisha hamu."

"Najitahidi."

"Jumapili mama anakuja kutoka Tuen Mun. Nimemwambia kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Anayetaka kuniposa, kama ana akili."

Kijiko kilimponyoka Lok-man, kikagonga meza, kikaanguka sakafuni. "Ninazo," alisema. "A-Ying, nakwambia ninazo."

"Tutaona." Sasa alikuwa anatabasamu, ingawa kwa upande mmoja tu wa mdomo. "Mama anakuja na sufuria yake. Ameshanunua mifupa, na pweza mkavu wa kijijini kwao, aliyekuwa anamtunza kwa ajili ya mkwe. Utamwambia wewe mwenyewe. Mimi simo."

"Kabla hajaanza kuchemsha?"

"Kabla hajawasha jiko."

Lok-man alikiokota kijiko, akakirudisha mezani. Mama huyo Lok-man hakuwahi kumwona hata kwenye picha, na tayari alikuwa anaona haya kuikataa supu yake.