Dakika Arobaini za Kiguu

Asubuhi zote za likizo nilikunja mashuka na shangazi. Alikuwa na nyumba ya wageni yenye vyumba vinne, pale basi linapoishia kwa sababu barabara yenyewe imeishiwa nguvu. Yeye alishika ncha mbili, mimi mbili, tukavuta, tukakunja, tukakutana katikati. Kila tulipokutana alinipa habari moja au kazi moja. Jina langu la nyumbani lilikuwa Kiguu, kwa kuwa nilikuwa kiguu na njia, na hata sasa sijabadilika sana.

Wageni walikuja kuiona nchi yetu. Wengi wao hufungua ramani mezani wakacheka, wakisema hii wataimaliza kwa siku mbili. Shangazi huwangoja wamalize kucheka, kisha huwaambia, "Nchi yetu ni ndogo kwa kuitazama. Kwa kuitembea ni kubwa." Kesho yake jioni hurudi wakichechemea, wala hawabishi tena.

Siku moja tulipokutana katikati ya shuka, nilipewa kazi kubwa. Karatasi iliyotundikwa mlangoni, ile inayowaeleza wageni habari za nchi na njia tatu za kupanda mlima, ilikuwa imefifia. Shangazi alitaka niandike mpya, mwandiko wangu ukiwa mzuri kuliko wake. Alinipa saa yake ya mkononi, akaniagiza nizipite njia zote tatu, taratibu, kama mtu anayeziona kwa mara ya kwanza.

Njia mbili nilizipita. Ya tatu, inayofika kwenye mgongo wa mlima ambako nchi nzima huonekana, sikuipita. Jua lilikuwa kali na binamu zangu walikuwa wakicheza mpira. Nilikumbuka kwamba mwaka uliopita tulishindana kukimbia hadi juu, nikatumia dakika arobaini. Basi nikaandika dakika arobaini, kwa mwandiko mzuri kabisa, nikapigia mstari. Shangazi aliisifu karatasi ile mpaka nikaona haya kidogo, lakini haya yenyewe haikudumu.

Wiki ile walifika mzee mmoja na mkewe. Mzee alikuwa fundi saa aliyestaafu, mtu wa kuamini tarakimu. Mkewe alikuwa na goti bovu lililokuwa likingoja kupasuliwa, na kabla ya siku hiyo alitaka jambo moja tu: asimame juu ya mgongo wa mlima, aione nchi yote kwa mara moja. Mzee alisoma karatasi yangu mara mbili. Dakika arobaini kupanda, arobaini kushuka. Wakiondoka saa tano watarudi saa saba, wakati chakula kikiwa mezani. Shangazi aliwaonya tu kwamba kuanzia saa nane ukungu hufunga njia.

Nilikuwa chini ya ngazi yule bibi aliposhuka. Alishuka upandeupande, ameshika ukuta, akitua miguu yote miwili kwenye kila kidato. Vidato vilikuwa kumi na viwili na nilivihesabu vyote. Alipofika chini alinishukuru kwa karatasi nzuri. Nilimfungulia mlango badala ya kumwambia ukweli. Niliogopa shangazi asije akaaibika mbele yao, au tuseme kweli, niliogopa nisije nikaaibika mimi.

Nilikwenda kutandika vitanda. Kitanda cha kwanza kilitandikika. Cha pili nilikitandika mara tatu. Saa sita ilipogonga nilimfuata shangazi jikoni, nikamwambia yote, hata mpira. Nilitegemea anifokee. Alizima jiko, akavaa viatu vyake vya kupandia, akachukua chupa ya chai na filimbi, akasema, "Twende. Utaniongoza, maana mwendo wako unaujua."

Nilitangulia, naye akanifuata hatua kwa hatua. Tuliwakuta wamebakiza theluthi moja ya njia. Bibi alikuwa ameketi juu ya jiwe, mguu ameunyoosha. Mzee alikuwa akitikisa saa yake na kuiweka sikioni.

"Miaka arobaini nimetengeneza saa za watu," alisema, "na leo yangu mwenyewe imenifia mlimani."

"Saa yako ni nzima, babu," nilisema. "Karatasi ndiyo mbovu. Niliiandika mimi, na njia hii sikuipima. Nisameheni."

Mzee aliirudisha saa mkononi polepole. Bibi alitazama juu, kule ambako hakuwa amefika, na machozi yakamlengalenga. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda bondeni na ilibidi tugeuke. Tulishuka shangazi akitangulia na filimbi, bibi ameegemea bega langu. Tuliufikia mlango saa tisa, hatuoni hata uzio. Sikuwahi kujua kwamba njia ile ina mawe mengi hivyo.

Basi lao lilikuwa la kesho yake mchana. Jioni niliwaomba tujaribu tena kukipambazuka. Mzee alisita, lakini bibi alisema goti ni lake na atalipeleka anakotaka. Saa kumi na mbili tukaondoka sote wanne. Bibi alitangulia, nasi tukafuata mwendo wake, aliposimama tulisimama. Tulifika juu bila haraka yoyote.

Nchi nzima ilikuwa chini yetu: mabonde, mto, milima nyuma ya milima, na bati la nyumba ya shangazi likimetameta. Bibi aligeuka taratibu, akatazama pande zote. Kisha akamshika mumewe mkono, akamwambia, "Kweli si ndogo." Nilimpenda sana wakati ule. Mzee alitazama saa yake, akanitajia muda tuliotumia, nami nikaurudia moyoni ili nisiusahau.

Basi lilipoondoka, shangazi aliniwekea karatasi tupu mezani.

"Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi," aliniambia. "Yako ilikuwa ya dakika arobaini. Lakini jana ulikuja ukasema mwenyewe, na kwa hilo nakushukuru. Sasa shika hili, mwanangu: mgeni hana miguu yako. Ukimwonyesha nchi yako, mpimie kwa miguu yake, na usiandike usichokipima."

Niliandika: *Mgongo wa mlima, saa mbili na dakika ishirini, kwa mwendo wa bibi mwenye goti bovu. Ondoka mapema.* Shangazi aliisoma, akacheka, akaitundika. Kisha akaniuliza zile njia nyingine mbili nilizipima kwa miguu ya nani.

Nikavaa viatu.