Kanda Iliyozibwa Tundu

Jua lilikuwa limeanza kushuka tulipoingia kwa fundi wa televisheni, mimi na binti wa marehemu dada yangu mdogo. Haja yetu ilikuwa ndogo tu. Deki ya kuchezea kanda za zamani, na kile kidude cha kuhamishia picha kwenye kompyuta.

Fundi akaweka deki mbili mezani. Moja nyembamba, inang'aa. Nyingine nyeusi, nzito kama tofali.

"Hii nyembamba inajisafishia picha," akasema. "Chenga inafuta, makelele inakata. Hii nzee haina adabu. Chochote kilichomo kwenye utepe inakitoa, hata usichokitaka."

"Basi tupe hiyo isiyo na adabu," nikamjibu. "Tutaelewana."

Akacheka. Kisha akaipokea kanda yetu, na kicheko kikamkauka.

Mgongoni mwa kanda huwa kuna kijipande cha plastiki. Ukikivunja, deki inagoma kurekodi juu yake. Hiki kilikuwa kimevunjwa. Na tundu lake lilikuwa limezibwa kwa plasta ya kidonda.

"Mwenyewe alivunja ili isifutwe," fundi akanong'ona. "Mwingine akaja akaziba, ili afute."

"Picha ya chini imepotea yote?" binti akauliza.

"Deki iliyofutia ikiwa imechoka, ya chini hubaki kidogo. Ila nisikilizeni. Utepe huu umeota ukungu. Nitausafisha, lakini utapita mara moja tu. Msisimamishe katikati. Mkisimamisha utaganda, utakatika, na hapo ndiyo kwaheri."

Sasa ngoja nikupashe, maana usipolijua hili hutaelewa.

Mdogo wangu alipougua, binti huyu alikuwa na meno mawili tu kinywani. Mgonjwa akajua hachomoki. Akamwita mpiga video, akaegemezwa kwenye mito, akaongea na mwanawe. Maneno ya kumkuta mtoto ukubwani. Alipomaliza akakivunja kile kijiplastiki kwa ukucha wake mwenyewe, na kucha zenyewe zilikuwa zimeshakuwa laini kama karatasi.

Aliyekuwa akimwogesha ni shoga yake. Tulimwita Bi Tabasamu, kwa kuwa meno yake hayakujua kukaa ndani. Alikuja kuuguza, akabaki kurithi. Kaburi halijaota hata nyasi, keshavaa shela, kaolewa na mume yule yule wa marehemu.

Na kanda?

"Ilioza," alimwambia mtoto. Miaka thelathini anamwambia hivyo hivyo. "Mama yako hakukuachia kitu."

Hadi wiki iliyopita, binti alipomsaidia kusogeza kabati. Ikaanguka. Mwandiko wa mdogo wangu juu yake: *Kwa mwanangu.*

Nyumba ya Bi Tabasamu na yangu zinagawana ukuta. Akikohoa, nasema pole.

Fundi aliusafisha utepe tukingoja, na giza kamili lilikuwa halijaingia tulipopanga mitambo sebuleni kwangu. Waya wa njano wa picha, mweupe na mwekundu wa sauti. Fundi alisema sauti ya kanda ingekuwa hafifu, kwa hiyo binti akavaa visikizio vikubwa, akafumba macho; mimi nikabaki na sauti ya televisheni. Nikasukuma kanda. Ile deki ikaimeza kwa mlio wa tumbo lenye njaa.

Grrrk... tk.

Harusi!

Bi Tabasamu ndani ya shela, anacheka. Alirekodi harusi yake juu ya maneno ya marehemu. Mwanamke ana roho ya jiwe yule, kanda zilijaa madukani!

Halafu chenga zikaanza.

Nikasikia harufu. Dawa ya kuchua, ile niliyokuwa nikimpaka mdogo wangu mgongoni. Dirisha lilikuwa limefungwa, na nyumbani kwangu dawa hiyo haijaingia tangu tumzike.

Chini ya shela, mto ukajitokeza. Juu ya mto, paji la uso. Macho... Kinywa cha marehemu kikapanda polepole hadi pale penye kinywa cha bibi harusi. Kikakaa hapo hapo.

"Mwanangu..."

Binti akavibana visikizio masikioni. Machozi yakamtoka, macho bado kafumba.

Upande wa pili wa ukuta, glasi ikaanguka.

Kisha nyayo. Kisha mlango wangu.

"Dada." Sauti ilikuwa kama utepe unaovutwa na kidole. "Dada, nifungulie."

Nikafungua nusu. Bi Tabasamu alikuwa amejifunika khanga hadi puani.

"Zima," akasema. "Nakuomba. Ananifuta."

"Nani anakufuta?"

"Unamjua."

"Si ulisema kanda ilioza?"

"Nilitaka... mtoto aniite mama. Mimi tu." Kila neno lilitoka dogo kuliko lililotangulia. "Kila akiongea yeye, mimi..."

"Wewe nini? Sema, shoga. Sikusikii."

Akateremsha khanga. Yale meno maarufu yalikuwepo, midomo inakwenda juu na chini, inakwenda kasi, na hakuna kilichotoka. Hata pumzi.

Nikamfungia mlango. Ndiyo, nilitabasamu. Malipo ni hapa hapa.

Nikarudi kwenye kioo cha televisheni. Bibi harusi alikuwa amebaki shela tupu. Sasa walikuwa wanakuja wachezaji, kundi la wanawake, wanamzunguka.

Na aliyetangulia mbele, mikono juu, mdomo wazi kwa vigelegele, alikuwa...

Mimi.

Nilikuwa nimesahau. Uongo. Sikusahau. Nilijua ile kanda ipo na nilijua nani kaificha. Mimi niliyemtangaza kila mwizi na kila mzinzi wa mtaa huu, hilo moja nililimeza. Bi Tabasamu alinipa cherehani ya marehemu. Nikaipokea, nikacheza.

Chenga zikanikaribia. Zikanigusa vidole. Kooni nikahisi kitu kinavutwa, chembamba, kinatoka kidogo kidogo kama uzi kwenye kibiringo.

Kitufe cha kuzimia kilikuwa hapo, chini ya kidole changu.

"...na usiku ukiogopa," mdogo wangu alikuwa anasema, "jua kwamba na mimi nilikuwa naogopa, na nilikupenda hivyo hivyo na woga wangu..."

Nikamtazama binti. Mtu mzima wa miaka thelathini na ushee, amejikunyata kwenye kochi kama mtoto wa meno mawili. Midomo yake ilikuwa inayafuata maneno ya mama yake. Nikizima, utepe unakatika. Hatamsikia tena, leo wala kiama.

Nikatoa kidole.

Niliwahi kusema neno moja. Nilisema, "Nisamehe." Sijui kama lilifika.

Binti alipovua visikizio alinikuta nimeshika koo. Akaniita mara tatu, "Mama mkubwa! Mama mkubwa!" Nikafungua mdomo. Kimya. Nikachukua penseli na karatasi, nikamwandikia yote haya, pamoja na cherehani.

Akasoma hadi mwisho. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Maneno yake yameingia yote kwenye kompyuta," akasema. "Kanda bado ina nusu saa." Akageukia kioo. Chini ya wachezaji, mdogo wangu alikuwa bado ameegemea mito yake. "Hasemi tena. Anatazama tu. Hawa wengine wanaocheza ni akina nani?"

Nikaandika. Shangazi yake. Mshona nguo wa kona. Mke wa mpiga video, na mpiga video mwenyewe pale kwenye kioo cha kabati. Wote wangali hai, wote ni majirani.

"Walijua?"

Nikaweka penseli chini. Kisha nikatikisa kichwa juu na chini.

Binti akavaa visikizio vyake, akajiegemeza.

"Basi iende," akasema.

Ikaenda. Nikasogea dirishani. Nje mtaa ulikuwa katika zile kelele zake za jioni. Shangazi anagombana na mwenye duka. Mshona nguo anaimba. Mke wa mpiga video anamwita mumewe aje kula, anaita, anaita...

Shangazi ndiye aliyeanza kunyamaza.