Siku Pudentienne Alipofagia Mto

Kila asubuhi Pudentienne alianza kazi ya shamba kwa kuokota plastiki. Chupa, mifuko, vifuniko, kandambili zilizokatika: vyote vilishuka na mto Ruzizi, vikatua ukingoni, kisha vikaziba mdomo wa mfereji wake. Maji hayakupita. Msimu uliopita nusu ya mpunga wake ilikauka pale kijijini Kiringye, akalia kwa hasira.

Kwa hiyo Noella, mfanyakazi wa shirika la mazingira, alipofika kwa pikipiki kutoka Uvira, alipokelewa kwa furaha. Alisema watahesabu taka katika vijiji vitatu vya kando ya mto. Kijiji kinachopokea taka nyingi zaidi kitawekewa kizuizi: kamba nene yenye mabido, yaani madumu matupu yanayoelea, ya kukamata taka kabla hazijafika ukingoni. Angerudi Jumatano kuhesabu hatua mia moja za ukingo, na Pudentienne angemsaidia.

Jumatano Pudentienne aliamka mapema. Mgeni anakuja. Alifagia nyumba, akafagia uwanja, na kwa kuwa mgeni angefika mpaka mtoni, akafagia na ukingo. Taka zote akazitupa shimoni. Alijisikia vizuri sana.

Noella alitembea hatua zake mia, daftari mkononi. Alipata chupa tatu. Kisha akaona ufagio.

"Mama Akimana, ni weye ulifagia huku?" alimwuliza Pudentienne.

"Ni minye. Mugeni anakuja, niache uchafu umuangalie?"

Révérien, mumewe, alicheka mpaka akakaa chini. Alisema mkewe amefagia mpaka kizuizi chao. Pudentienne hakucheka. Alifikiria mpunga wake. Akaomba waandike tu chupa mia tano, kwani kila mtu anajua zilikuwepo.

Noella alikataa kwa upole. "Mutoto akiwa na homa, munganga anamupima kwanza, kisha anamupa dawa. Huku pia, tunahesabu mbele, tunaokota nyuma. Na tunaandika tu yenye tumeona."

Kisha akatabasamu. Ukingo mtupu, alisema, ni mwanzo mzuri. Kitakachoonekana baada ya siku saba kitakuwa kimeletwa na mto katika siku hizo saba. Angeomba vijiji vile vingine navyo vifagie siku hiyohiyo, ili vyote vitatu vipimwe sawa.

Siku saba hizo zilikuwa ndefu. Mikono ilimwasha Pudentienne kwa hamu ya kufagia. Mama mkwe wake, Florentine, alipopita mtoni alishika kiuno, akauliza kama nyumbani kwa mwanawe siku hizi hakuna ufagio.

"Mama, musiiguse," Pudentienne alimwambia. "Hii uchafu iko na hesabu."

Jumatano iliyofuata Noella alirudi, wakahesabu pamoja, chupa mbali, mifuko mbali. Vilikuwa vipande mia nne na kumi na viwili, vingi kuliko vya kijiji kingine chochote. Hapo ndipo walipookota, na Pudentienne aliokota huku akiimba. Kabla mwezi haujaisha kizuizi kilikuwa majini, na maji ya mfereji yakafika hadi pembe ya mwisho ya shamba.

Siku ya kusherehekea mavuno iliangukia Jumatano. Magunia yalijaa, wageni walikuwa njiani. Pudentienne alifagia nyumba, akafagia uwanja, akaweka ufagio chini. Akachukua daftari, akaenda mtoni. Alihesabu hatua zote mia.

Chupa tatu. Safari hii zilikuwa tatu za kweli. Aliziandika, kisha akaziokota.