Mwaloni wa Njia Panda

Haya yalimpata Keziah, jirani ninayefua naye kijitoni, na tangu aniambie silali, kwa sababu kesho yule mpiga picha anakuja kwetu.

Keziah, akiwa na binti yake mchanga Phoebe, alimpelekea ndoo ya maji ya kusuuzia vioo vyake vya kupigia picha. Bwana huyo ametumwa na mwenye mashamba apige picha za vitu vyote ambavyo reli inayokuja kujengwa itavifuta bondeni, kuanzia ule mti mkubwa wa mwaloni wa njia panda. Akamwomba Keziah asimame chini ya mti, ili ukubwa wake uonekane.

"Na huyu mtoto?" Keziah akauliza. "Hatulii, karithi kiherehere cha baba yake."

"Mwache arushe miguu, mama. Kinachotikisika hakishiki kwenye kioo, kitabaki ukungu tu."

Kweli Phoebe alilia na kupiga mateke muda wote, upepo nao ukivuma, na Keziah akahangaika kumbembeleza. Kisha wakaingia wote kwenye hema jeusi la dawa za kutokezea picha. Giza totoro, anasema, maji yanadondoka, tone, tone, na mtoto ghafla kanyamaza. Bwana akakiinua kioo kwenye kidirisha cha njano, akakitazama kwa muda mrefu.

"Kuna nini?"

"Sijui, mama. Sijawahi kuona."

Majani ya mwaloni yalikuwa moshi mtupu, na uso wa Keziah vilevile. Lakini mikononi mwa ule moshi Phoebe, aliyepiga mateke muda wote, alikuwa ametulia kama asiyepumua, wazi kabisa, hata kope zake ungeweza kuzihesabu moja moja.